Msimu wa Kwanza wa Bwana Shaba

Newala,
18 Oktoba, 1998.

Kwako Kaka Gasper,

Shikamoo, kaka yangu. Naandika nikiwa nimekaa nje ya banda la video la Alfani. Upepo wa Newala unavuma kama unavyoujua, na karatasi nimeikandamiza kwa kaseti isije ikaishia Msumbiji. Habari za huko Dar es Salaam? Kifua kimeachia? Katika barua yako ya Juni ulisema mvua zile kubwa zilikulowesha hadi mifupani na kikohozi kimegoma kutoka. Mama aliposomewa mstari huo alikwenda kuchimba mizizi siku hiyohiyo. Nilimwambia Dar kuna duka la dawa kila kona, akanijibu kwamba dawa ya dukani haikujui wewe wala haikumjua baba yako. Basi mizizi imo ndani ya furushi, pamoja na ming'oko ya kuchemsha na korosho za kukaanga. Chemsha unywe, hata kama ni kwa kumridhisha tu.

Sisi huku ni wazima. Mama yuko palepale Lulindi, magoti yanamsumbua lakini kanisani hakosi. Mwanao Ethel yuko darasa la pili na mwandiko wake umeshaupita wangu. Mikorosho yako imebeba mwaka huu kuliko miaka mitatu iliyopita. Shemeji Winfrida aliipulizia dawa ya salfa mwenyewe, mti baada ya mti, kitambaa puani, na sasa mabibo yanaanguka hadi njia nzima ya shambani inanukia kama zile siku tulizokuwa tunatumwa kuokota, tukirudi na midomo imebabuka kwa utomvu na Mama anatuuliza nani kala na nani kaokota. Bomba la maji limekauka tena, kwa hiyo wanawake wanashuka bondeni na ndoo kama enzi za Bibi. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa nije kwenye ulichoniuliza. Uliandika kwamba yule mfanyabiashara anayekupa mikanda anataka kujua kama watu wa mikoani wameupenda msimu wa kwanza wa Bwana Shaba, ili aamue kuleta wa pili au aache. Ukasema nikueleze bila kuficha, kama mwalimu anayesahihisha mtihani, maana ualimu nimeuacha lakini kalamu nyekundu bado ninayo. Nitakueleza bila kuficha. Ila naomba uisome barua hii yote, hata ukifika mahali ukatamani kuikunja.

Mikanda saba ilifika mwisho wa Julai juu ya lori la saruji, barabara ya Rufiji ilipopitika. Alfani alipoweka wa kwanza na kuona ni katuni, alishika kiuno. Alisema, "Mwalimu, kaka yako ametuletea vitu vya watoto. Nani ataacha shamba aje kutazama michoro?" Nikamsomea maandishi ya kwenye ganda, kwamba watoto wasiruhusiwe. Hapo akatabasamu. Tukaandika ubaoni kwa chaki: KATUNI YA WATU WAZIMA, SHUJAA WA NGOZI YA SHABA, JUMAMOSI SAA KUMI ALASIRI. Jina lake la Kizungu ni refu, nikaliacha hukohuko kwenye ganda.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti banda lilijaa hadi mabenchi yakalia. Madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, nami nimesimama kando ya televisheni na kipaza sauti, tayari kutafsiri. Kabla sijafungua mdomo nilikukumbuka wewe. Unakumbuka gari la sinema la serikali lilipokuja Lulindi, mwaka ule Baba alipokuwa anatengeneza madawati ya misheni? Walitundika shuka jeupe, wakatuonyesha namna ya kupanda mihogo kwa mistari, kisha wakaweka kikatuni kifupi cha mbuzi mkaidi. Sauti ikaharibika. Watu wakaanza kukunja mikeka. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ukaenda kusimama kando ya shuka, ukaanza kusema mwenyewe: mbuzi anaongea Kimakua, mwenye shamba anajibu kwa Kiswahili cha mwalimu mkuu. Watu wakakaa tena. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa khanga. Mwenye gari akakupa biskuti mbili, na njiani ukanipa ile nzima, wewe ukala iliyovunjika. Tangu siku ile nilitaka kusimama pale uliposimama.

Hadithi yenyewe ni hii. Siku za kawaida Bwana Shaba ni fundi wa lifti, mtu wa makamo, ana kitambi na upara unaoanza. Neno lifti lenyewe lilinitoa jasho. Nikasema ni kisanduku kinachowapandisha watu ghorofani kwa kamba ya chuma, na Mzee Hamudi, mchonga vinyago wa karibu na soko, akauliza ngazi zimefanya kosa gani. Shujaa huyu akikasirika kwa ajili ya mnyonge, ngozi yake inageuka shaba, risasi zinamdunda, naye anaruka kutoka paa hadi paa. Ana mke, jina lake Nora, mshonaji. Adui yake ni tajiri aliyenunua visima na mabomba ya jiji zima, akafunga koki ili watu waje wampigie magoti.

Kaka, koki ile ndiyo iliyotukamata. Katika sehemu ya pili kuna mwanamke amesimama na ndoo tupu mbele ya bomba, hasemi kitu, picha imetulia tu hapo. Sauti ya Paulina muuza vitumbua ikatoka nyuma: "Huyo ni mimi." Hakuna aliyecheka. Na katika sehemu ya nne, tajiri alipotumbukizwa ndani ya tangi lake mwenyewe, watu walipanda juu ya mabenchi, na benchi moja Alfani amelazimika kulipigilia upya. Kwa sehemu nne hizo natoa tisini kwa mia. Rangi zimetulia, maneno ni machache, na kila ngumi ina sababu yake.

Sehemu ya tano hadi ya nane zimelegea. Sijui wachoraji walichoka au waliharakishwa. Bwana Shaba anakimbia, na nyuma yake duka lilelile la mikate linapita mara tatu. Midomo inafunga wakati maneno bado yanatoka. Mzee Hamudi aliniamuru nisimamishe mkanda, akanyoosha kidole kwenye kioo, akasema, "Mwalimu, huyu mtu kanyanyua gari lakini bega lake halijashuka. Mimi gogo la mpingo la kilo kumi linanikunja mgongo. Aliyechora hapa hajawahi kubeba kitu maishani mwake." Baada ya hapo nikawa namwogopa kama mkaguzi wa shule. Tena kuna damu nyingi isiyo na kazi katika sehemu ya sita, na busu refu sana katika ya saba. Alfani hutandaza khanga mbele ya kioo mpaka nimwambie wamemaliza, na siku ile hawakumaliza, tukakosa nusu ya mazungumzo. Natoa hamsini na tano.

Lakini kilichowarudisha watu kila Jumamosi, hasa wanawake, hakikuwa mapigano. Alikuwa Nora. Kuanzia sehemu ya tisa mumewe anavuka bahari kuwafuata washirika wa yule tajiri, na habari zinakuja kwamba ametekwa. Nora anabaki. Anashona, anateka maji, na kila jioni anaweka sahani mbili mezani, kisha anaifunika moja. Hakuna muziki hapo, unasikia cherehani tu. Wanawake wa hapa walimjadili Nora kisimani, sokoni, hadi kwenye foleni ya kliniki. Wengine walisema ni mke wa kuigwa. Paulina alisema, "Anaokoa watu wa mitaa yote na kwake paa linavuja. Mwanamume wa namna hiyo ni shujaa wa majirani."

Shemeji Winfrida alianza kuja juma la tatu. Aliniambia anataka kupumzisha mgongo tu. Alikuwa anakaa benchi la karibu na mlango, kitenge mabegani, kimya. Nilipomwona amekaa pale nilikumbuka siku tuliyokwenda kumwona Ndanda, wewe unaendesha baiskeli ya Baba, mimi nyuma na jogoo mapajani, vumbi jekundu limetujaa hadi kwenye nyusi. Alitoka darasani na sare yake ya kidato cha nne, akatusalimia kwa Kiingereza makusudi kutuchezea, na sisi wanaume wawili tukashikwa kigugumizi, jogoo ndiye akajibu. Tulicheka njia nzima ya kurudi. Ulisema, "Huyu akinikubali, Alfredi, sitamwacha hata siku moja." Nakumbuka ulivyokuwa unapiga kengele ya baiskeli wakati hakuna mtu barabarani.

Watu wa bandani walianza kumtania. Kila Nora akifunika sahani, mtu mmoja alikuwa anasema, "Mama Ethel, shujaa wako naye yuko mjini anaokoa watu." Yeye anacheka pamoja nao. Mimi ndiye niliyekuwa sicheki. Sababu yake unaijua.

Kaka, sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 1996, nilipokuja Dar kuchukua mikanda ya kwanza, ulinipokea kituoni, ukanipeleka Buguruni, na mlangoni akatoka Julia na mtoto wa kike mgongoni. Julia alinikaribisha vizuri, akanikaangia samaki, sina neno naye. Kesho yake uliponisindikiza kwenye basi ulinishika bega ukasema, "Alfredi, ya huku yaache huku. Nitamwambia mwenyewe. Nipe muda." Nikakubali. Kwa miaka miwili nimekula ugali wa Winfrida na kisamvu chake, akiniuliza kama Gasper hajambo, nami namjibu hajambo, kazi tu ndizo nyingi. Nilikuwa najiambia kwamba natunza heshima yako. Siku nyingine nilikuwa najiambia kwamba namtunza yeye. Kila siku nilikuwa na jibu.

Mikanda huwa naitazama Ijumaa na Alfani ili nijiandae. Ijumaa ya mkanda wa saba jenereta iligoma, fundi akaitengeneza Jumamosi mchana, kwa hiyo sehemu ya kumi na tatu niliiona palepale pamoja na watu wote. Inaanza na mvua. Bwana Shaba anarudi nyumbani. Anapotembea tunaonyeshwa alikokuwa, na kumbe miaka miwili ya mwisho hakuwa ng'ambo wala hakuwa ametekwa. Alikuwa katika jiji lilelile, mtaa wa tatu kutoka kwake, kwa jina lake la kawaida, katika nyumba ya mwanamke mwingine. Anakula. Anacheka. Ngozi yake laini kama ya mtu yeyote. Hakuna aliyemfunga.

Nilihisi macho ya Winfrida mgongoni. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Huyu ni dada yake, alikuwa anamuuguza majeraha." Paulina akauliza, "Dada gani anayemfunga mtu vifungo vya shati?" Nikasema mikono yake ilikuwa imeungua. Watu wakapokea. Mtafsiri akisema jambo kwa sauti kubwa watu hupokea.

Halafu akafika mlangoni. Nora akafungua. Bwana Shaba akamwambia, "Nimeliokoa jiji lote." Nora akamtazama muda mrefu, akajibu, "Na nyumba hii ilikuwa ndani ya jiji hilo." Kisha akasema, "Nilikuwa namngoja mtu aliyetekwa. Wewe sikujui." Hayo ndiyo maneno yaliyomo kwenye mkanda, kaka. Mimi nilisema, "Karibu mume wangu, chakula kinapoa." Na Nora akafunga mlango.

Paulina akauliza, "Mbona amefunga?" Nikasema, "Amekwenda kumletea taulo, si unaona amelowa?" Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi, majina ya waliotengeneza yakaanza kupanda. Nilipogeuka, benchi la karibu na mlango lilikuwa tupu.

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa peke yangu bandani nikirudisha mikanda nyuma. Winfrida akaingia. Hakukaa. Alisema, "Shemeji, yule mama hakusema karibu."

Nikajaribu kujitetea kwamba Kiingereza cha watu wale kina kasi, na jenereta ina kelele. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akayarudia maneno ya Nora yote kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno, kama anayesoma somo madhabahuni, na matamshi yake yalikuwa bora kuliko yangu. Sijui kwa nini jambo hilo lilinitoka. Miaka yote hii namwona na jembe, na ndoo, na salfa, nikasahau msichana aliyetufunga midomo pale Ndanda.

"Jembe nimelishika, lakini masikio sikuyazika," akasema. "Ungekosea neno moja ningesema ulimi umeteleza. Wewe umekosea nyumba nzima. Dada, mikono iliyoungua, taulo. Hukuwa unamwambia Paulina. Ulikuwa unaniambia mimi. Gasper ana nyumba nyingine?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, kaka. Nimezoea, unakuja wenyewe. Lakini alikuwa amesimama amevaa gauni lake la kanisani, lile la maua ya njano ulilomletea Krismasi ya mwaka tisini na mbili, amelirekebisha kola kwa mkono wake, na sikuweza. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia Buguruni, nikamwambia Julia, nikamwambia mtoto. Siri uliyonikabidhi nimeitoa mimi, Alfredi, mdogo wako, na hakuna aliyenishikia panga.

Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, mtoto ana umri gani. Nikasema nilipomwona alikuwa anaanza kutembea vizuri, labda alizaliwa mwaka tisini na nne. Akasema, "Mwaka tuliomzika Isabela." Basi. Wewe mwaka ule uliandika kwamba malaria imekulaza na huwezi kupanda gari. Mimi ndiye niliyekibeba kijeneza cha mwanenu, kilikuwa chepesi kama kibuyu, na Winfrida alitembea nyuma yangu akiniambia nipunguze mwendo. Sikuwahi kukuandikia hayo. Nilidhani malaria inatosha kukuumiza.

Nilimwomba anisamehe. Hakujibu habari ya msamaha. Alisema, "Jumamosi ijayo iweke tena ile ya mwisho. Na useme ilivyo."

Alfani hakutaka, alisema watu wameshaiona. Nikamwambia hawajaiona. Jumamosi ile nilisimama mbele yao, nikawaeleza kwamba juma lililopita nilitafsiri uongo, kwamba Kiingereza nilikielewa sawasawa na nikakipindisha kwa sababu zangu. Walidhani natania. Kisha nikawatafsiria sehemu ya kumi na tatu kama ilivyo, tangu mvua hadi mlango. Mlango ulipofungwa hakuna aliyepiga makofi. Paulina akasema, "Afadhali." Mzee Hamudi akaomba turudishe mlango ule, nikarudisha mara tatu, na mara zote tatu hakupata cha kukosoa. Winfrida alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa. Hapo ndipo alipolia, kaka, mbele za watu, na wanawake waliokuwa naye hawakumuuliza kitu, walisogea tu wakambana katikati yao. Nadhani walielewa. Labda walielewa zamani kuliko sisi.

Kwa hiyo mjibu yule mfanyabiashara hivi. Msimu wa kwanza wa Bwana Shaba una mwanzo wenye nguvu na katikati inayochechemea. Damu wapunguze. Wachoraji wapewe muda. Lakini sehemu tano za mwisho sijaona mfano wake tangu nianze kazi hii, na ya kumi na tatu naipa mia, nikiwa nayo kalamu nyekundu mkononi na nisione pa kuitumia. Aliyeharibu ni mimi. Alete msimu wa pili; Newala watakaa, Masasi watakaa, na huko Chiwata Alfani anataka kuipeleka kwa jenereta ya kuazima. Nitatafsiri kilichomo. Kikinishinda nitanyamaza, watu watazame wenyewe.

Kaka Gasper, sikuandika haya kwa kukuchukia. Wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea kwenye chemchemi za Ndanda, ndiye uliyeacha shule ili ada yangu ipatikane wakati hata kipande cha sabuni tulikipangia foleni duka la ushirika kutwa nzima. Biashara ilipoachiwa huru na vijana wote wa huku wakakimbilia mjini na mabegi ya mitumba, uliondoka ukiimba juu ya lori, na nililifuata hadi nikaishiwa pumzi. Bado nakuona ukipunga kofia. Kwa siri niliyoitoa naomba msamaha wako kwa sababu nilikubali kuitunza. Kwa kumwambia sijuti. Ninachojutia ni ile miaka miwili.

Umeona mwenyewe kwamba barua hii haikuja kwa posta. Winfrida alisema posta inachelewa, na kwamba anataka kukuona uso unapoisoma. Nimemsomea yote kabla ya kuifunga, naye hakubadilisha kitu, isipokuwa alinikosoa mahali nilipoandika kwamba alilia sana, akasema alilia kiasi. Nimefuta hilo neno. Kesho Jumatatu anapanda gari la Masasi, kisha basi la Dar. Ethel tumempeleka kwa Mama, korosho nitaokota mimi. Nilimuuliza atakuambia nini, akajibu hajui, atajua akifika. Hakuja kugombana na Julia, tangu siku ile anamwita "yule dada." Anataka tu kusikia kwa kinywa chako mwenyewe, chochote ulicho nacho cha kusema.

Basi usimjibu upesi. Mpe maji kwanza, safari ni ya siku mbili na vumbi la Rufiji bado ni lilelile.

Mama anakusalimu sana. Yeye hajaambiwa, anadhani shemeji amekwenda kukuuguza kifua. Alfani anakusalimu, Mzee Hamudi anakusalimu. Nisalimie Julia. Ethel pia anakuamkia, shikamoo. Mama yake alimweleza kila kitu juzi walipokuwa wanabangua korosho, naye akanijia mbio na daftari lake na penseli, anataka kumwandikia mdogo wake aliye Buguruni. Akaniuliza anaitwa nani. Kaka, nilisimama pale kama mtu asiyejua kusoma, maana nimekula kwenu, nimembeba mtoto yule mapajani, na sikuwahi kukuuliza jina lake. Tafadhali liandike kwenye karatasi, umpe Winfrida aje nalo.

Ni mimi mdogo wako,
Alfredi.